Kalamu ya kuandika na kalamu ya kutia sahihi

Nikiwa kidato cha pili nilishindwa mdahalo ambao mpaka leo naamini nilistahili kushinda. Mada ilikuwa imeandikwa ubaoni kwa chaki ya rangi: "Kalamu ina nguvu kuliko upanga." Mimi nilikuwa msemaji wa kwanza upande wa kuunga mkono. Nilijiandaa wiki nzima, nikakariri mifano mpaka nikawa naiota, na nikaanza kama tulivyofundishwa sote kuanza: "Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi wenzangu, wahenga walisema..." Makofi. Kisha akasimama kijana mmoja wa upande wa kupinga, mfupi, mtani, hana hata karatasi mkononi. Akauliza swali moja tu: "Mwenzangu, upanga ukishafika shingoni, hiyo kalamu utaandikia nini? Wosia?" Watu wakavunjika mbavu. Hatukupona tena.

Ilipita miaka zaidi ya ishirini kabla sijajua kwamba yule mhenga wangu alikuwa mbunge. Mwingereza, mtoto wa jenerali, mwenye kasri la mababu na majina marefu kama treni ya mizigo: Edward George Earle Lytton Bulwer, ambaye baadaye alijiongezea Lytton nyingine mwishoni, akajulikana kama Bulwer-Lytton. Sentensi yake ilitamkwa mara ya kwanza jukwaani Covent Garden, London, tarehe 7 Machi 1839, katika tamthilia aliyoiita kwa jina la Kardinali Richelieu wa Ufaransa. Nilipoisoma nilicheka peke yangu kama mwehu. Sisi tulikuwa tumemsingizia babu yetu wa kijijini.

Kicheko kiliisha nilipotazama sentensi nzima. Tunayoitumia sisi ni mkia wake. Kichwa kinasema hivi, kwa tafsiri yangu: "Chini ya utawala wa watu walio wakuu kwelikweli, kalamu ina nguvu kuliko upanga." Kuna sharti pale, na sharti hilo halikuandikwa kwenye ubao wetu.

Halafu tazama ni nani anayesema na yuko wapi. Richelieu ni waziri mkuu wa mfalme, mzee, anazungukwa na njama za kumwua. Anachukua upanga mkubwa aliowahi kuutumia ujanani, anajaribu kuuzungusha, mkono unamwangusha. Anakiri kwamba sasa hata mtoto angeweza kumwua. Kijana wake wa kazi anamliwaza: bwana wangu, sasa unazo silaha nyingine. Mzee ameshakaa mezani tayari kuandika. Anainua kalamu: kweli, hii hapa. Ndipo anapotoa maneno yetu.

Hiyo si kalamu ya mshairi, wala ya mwandishi wa gazeti, wala ya mwanafunzi wa kidato cha pili. Ni kalamu ya serikali. Ikigusa karatasi, mtu anakamatwa.

Niliielewa tofauti hiyo vizuri zaidi nikiwa nimekaa kwenye benchi la ofisi moja, nikifuatilia mafao ya marehemu baba. Miezi minane. Faili lilikuwepo, vielelezo vilikuwepo, hakuna aliyebisha kwamba pesa ni zetu. Kilichokosekana ni sahihi ya mtu mmoja, naye alikuwa safarini, semina, likizo, kikaoni. Nyumbani nilikuwa naandika makala kila wiki na watu wananipongeza kwa uandishi. Pale benchini nikagundua kwamba maneno elfu mbili yangu hayalingani na mchoro mmoja wa wino wa yule bwana, mchoro ambao hata jina lake husomi ndani yake. Tangu siku hiyo nina kalamu mbili kichwani: ya kuandika na ya kutia sahihi. Bulwer-Lytton ananivutia kwa sababu alizishika zote mbili, na alimpiga mtu kwa ya pili.

Uingereza ya zama zile ilijaa watu wa namna hiyo, mamwinyi waliotunga vitabu asubuhi na kupiga kura bungeni jioni. Lord Byron alihutubia Baraza la Malodi mara tatu tu maishani mwake. Ya kwanza, tarehe 27 Februari 1812, aliwatetea wafumaji wa Nottinghamshire waliokuwa wakivunja mashine na ambao serikali ilitaka wanyongwe. Wiki mbili baadaye utenzi wake ukatoka, akawa maarufu kwa usiku mmoja, siasa ikafa kifo cha mende. Benjamin Disraeli alienda njia ya pili: alianza na riwaya akaishia waziri mkuu, ingawa yeye hakuzaliwa mwinyi, aliupandia ngazi umwinyi wenyewe. Bulwer-Lytton, rafiki yake, alibaki katikati, mguu huku mguu kule, kwa zaidi ya miaka thelathini.

Alizaliwa London mwaka 1803, mtoto wa tatu wa kiume. Baba alifariki yeye akiwa mdogo sana. Mali ya maana ilikuwa ya upande wa mama, kasri la Knebworth huko Hertfordshire, na mama alikuwa mtu wa kauli moja. Mwaka 1827 kijana akamwoa Rosina Wheeler, msichana wa Kiayalandi, mzuri, mwenye ulimi. Mama alishasema hapana. Akakata posho.

Basi hapo ndipo mwinyi alipoingia kwenye riwaya kwa njaa, kama fundi yeyote anayetafuta mkate wa kesho. Tena njaa ya mtu asiyejua kuishi kwa kidogo: nyumba kubwa, wageni, farasi. Aliandika usiku na mchana. *Pelham* ikatoka 1828 ikauzika sana, na inasemekana ndiyo iliyowafanya wanaume wa London wavae koti jeusi usiku. *Paul Clifford* ikafuata 1830, ile inayoanza kwa usiku wa giza na dhoruba, mwanzo uliochekwa hivi kwamba tangu 1982 chuo kikuu kimoja cha San José, California, kiliendesha shindano la kutunga sentensi mbovu kuliko zote kwa heshima yake. Riwaya yake ya siku za mwisho za Pompeii, ya 1834, nimeijaribu mara mbili. Mlima wa volkano ulilipuka mimi nimeshalala.

Lakini nisimdhulumu. Aliingia bungeni 1831 akiwa mwanamageuzi, kwanza kwa St Ives kule Cornwall, kisha Lincoln, na jambo alilolipigania mwaka 1832 linanifanya nimvumilie mengi. Wakati ule kila nakala ya gazeti Uingereza ilitozwa kodi ya peni nne. Lengo halikufichwa: gazeti liwe ghali, maskini asisome. Bulwer-Lytton akasimama akapeleka hoja kodi ifutwe. Akawauliza wabunge wenzake kama haujafika wakati wa kufikiri kwamba mpiga chapa na herufi zake wanaweza kuilinda amani ya nchi huru vizuri kuliko mlinzi wa gereza na mnyongaji, na kama elimu ya bei nafuu si bora kuliko adhabu ya bei ghali. Hoja haikupita siku ile. Miaka minne baadaye kodi ikashushwa hadi peni moja, na mwaka 1855 ikafutwa kabisa. Alisimamia pia sheria ya 1833 iliyowapa watunzi wa tamthilia haki ya kulipwa kazi zao zinapochezwa. Mimi mwandishi wa kulipwa kwa shida, sheria hiyo naivulia kofia.

Alipopewa cheo katika idara ya jeshi la majini alikikataa, akisema kitamzuia kuandika. Ningependa kumwona mbunge wa siku hizi akisema hivyo.

Nyumbani mambo yaliharibika. Ndoa ilikuwa imejaa madeni, wivu, na wanawake wa nje, na mwaka 1836 wakatengana kwa hati. Rosina akapewa pauni 400 kwa mwaka. Watoto walikuwa wawili, Emily na Robert, na kwa sheria ya wakati ule watoto ni wa baba, hadithi imeisha. Miaka miwili baadaye wakachukuliwa kutoka kwake.

Rosina naye alikuwa na kalamu. Mama yake, Anna Wheeler, alikuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo Uingereza na Ayalandi kudai hadharani usawa wa mwanamke, kwa hiyo nyumba ile kunyamaza hawakufundishwa. Mwaka 1839, mwaka uleule mume anamfanya kardinali aisifu kalamu jukwaani, mke akatoa riwaya iitwayo *Cheveley*, na kila aliyeisoma London alimjua mume mwovu aliyemo ndani. Akaendelea hivyo miaka na miaka, riwaya baada ya riwaya, na barua ambazo matusi yalikaa juu ya bahasha, ili tarishi na mhudumu wa klabu wasome kabla ya mwenyewe. Watu wengine humwona alikuwa mkali kupita kiasi. Huenda. Lakini fikiria una kalamu moja tu na mwenzako ana mbili.

Kalamu ya pili ya mume ilikuja Juni 1858. Alikuwa ameshahama kambi, amerudi bungeni tangu 1852 na chama cha kihafidhina, safari hii kwa Hertfordshire ya mababu wa mama yake, na Lord Derby akamteua Waziri wa Makoloni. Sheria ilimtaka mbunge anayepewa uwaziri arudi kwanza kwa wapiga kura. Siku ya kuteuliwa wagombea pale Hertford, jukwaa la wazi, watu wengi, waziri mpya anahutubia, Rosina akatokea. Alikuwa amesafiri kutoka Taunton, magharibi huko. Akamsemea mbele ya umati yote aliyokuwa nayo moyoni kwa miaka ishirini. Mume akaondoka.

Hazikupita wiki mbili tatu, Rosina akafungiwa katika nyumba ya wendawazimu Brentford, kando ya London. Ilitosha hati za madaktari wawili. Hakuna hakimu, hakuna shauri, hakuna kusikilizwa. Karatasi ikatiwa sahihi, mlango ukafungwa.

Hapa historia inanifurahisha kwa ukatili wake. Waliomtoa ni magazeti. Watu wa Taunton walipiga kelele, gazeti la mkoa wao likapiga kelele, na London kelele zikachukuliwa na *Daily Telegraph*, gazeti la bei rahisi lililoanzishwa 1855, mwaka uleule kodi ya magazeti ilipokufa. Yaani mpiga chapa na herufi zake, wale aliowatetea bungeni kijana yule wa 1832, walirudi kumshika koo mzee wa 1858. Baada ya majuma kama matatu Rosina akatoka, na mwanawe Robert akamchukua safari ya Ulaya bara. Simulizi yake ya mambo yale ilichapishwa mwaka 1880, miaka saba baada ya mume kuzikwa Westminster Abbey. Yeye alifariki 1882, na kaburi lake lilikaa zaidi ya miaka mia moja bila jiwe.

Majira hayohayo ya joto, mke akiwa ndani au ametoka juzi, waziri alikuwa akiunda koloni. Dhahabu ilikuwa imeonekana kwenye mto Fraser, pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini, wachimbaji maelfu wakamiminika kutoka California, na London ikaogopa kwamba nchi itaondoka na Wamarekani. Sheria ya kuanzisha British Columbia ilipita tarehe 2 Agosti 1858. Jina alilichagua Malkia Victoria. Bulwer-Lytton aliandika maagizo kwa gavana James Douglas, akatuma wahandisi wa jeshi, na katika mwaka wake mmoja ofisini akagusa pia kutengwa kwa Queensland kule Australia. British Columbia hakuwahi kukanyaga. Gavana, kwa adabu ya kazi, akaupa mji mmoja jina la bosi wake: Lytton, pale mto Thompson unapoingia Fraser. Watu wa Nlaka'pamux walikuwa wakiishi pale kabla mtu yeyote wa Knebworth hajajua kwamba kuna mto, na walikuwa na jina lao. Mji huo ndio ulioandikwa magazetini dunia nzima mwishoni mwa Juni 2021, kipimajoto kilipofika nyuzi 49.6 na kesho yake moto ukauteketeza karibu wote. Nilisoma habari ile mwaka ule nikapita. Sikujua kwamba ni jina la mhenga wangu.

Robert, mwana, alirithi kalamu zote mbili. Alitunga mashairi kwa jina la bandia, Owen Meredith, na yalipendwa. Mwaka 1876 akapelekwa India kuwa Makamu wa Mfalme. Tarehe 1 Januari 1877 aliandaa sherehe kubwa Delhi ya kumtangaza Victoria Malkia Mkuu (Empress) wa India, huku kusini mwa nchi hiyohiyo watu wanakufa kwa njaa ambayo wanahistoria wanakadiria iliondoa zaidi ya watu milioni tano kabla haijaisha. Kosa lake hilo limeandikwa na wengi. Mimi nakwama kwenye lingine, dogo ukilipima na njaa, lakini linaniwasha.

Machi 1878 mshairi huyu alipitisha sheria ya magazeti ya lugha za wenyeji. Hakimu wa wilaya aliweza kumwita mpiga chapa, kumfunga kwa dhamana, kutwaa mitambo yake, na mpiga chapa hakuwa na mahakama ya kukimbilia. Magazeti ya Kiingereza hayakuguswa. Kama unaikosoa serikali kwa Kibengali, una hatari. Ukiikosoa kwa Kiingereza, una maoni. *Amrita Bazar Patrika* la Calcutta lilijibu kwa ujanja wa ajabu: likatupa Kibengali upesi, likatoka kwa Kiingereza tupu, sheria ikabaki inatazama hewa. Aliyemfuata Robert madarakani, Lord Ripon, aliifuta.

Nafikiri sana juu ya baba na mwana hawa. Baba alisimama bungeni kutetea gazeti la maskini. Mwana, akiwa mtoto mchanga asiyetimiza hata mwaka mmoja siku ile, alikuja kulifunga gazeti la mtu kwa sababu ya lugha yake. Mimi ninayeandika kwa Kiswahili, lugha ambayo ofisi zetu nyingi bado huiona ya kupigia stori tu, sheria ile naisoma kama barua iliyokosea anwani kidogo.

Nilitaka kuishia hapo, nikiwa nimekasirika. Lakini Robert alikuwa na binti.

Constance Lytton alizaliwa 1869, mpole, mwenye moyo mbovu kwa maana ya tabibu, hakuolewa, na mpaka umri wa karibu miaka arobaini alikuwa hajafanya jambo la kuandikwa. Kisha akajiunga na wanawake waliodai kura. Oktoba 1909 alifungwa Newcastle, akagoma kula. Wakampima moyo wakamwachia upesi: huyu ni Lady, kaka yake yumo Baraza la Malodi, asije akatufia. Wenzake maskini waliogoma naye walilishwa kwa nguvu kwa mpira wa kupitishwa kooni.

Januari 1910 akakata nywele, akavaa koti la bei chee na miwani, akaenda Liverpool akajiita Jane Warton, fundi cherehani. Akakamatwa, akagoma kula. Hakuna aliyempima moyo Jane Warton. Walimlisha kwa nguvu mara nane, na baada ya mara ya kwanza daktari alimzaba kibao. Jina halisi lilipojulikana, milango ikafunguka na maofisa wakaanza kuandikiana.

Mwaka 1912 akapata kiharusi, upande wote wa kulia ukapooza. Mkono wa kuandikia ukawa umekwisha. Akaanza kujifunza upya kwa mkono wa kushoto, herufi moja moja, na kwa mkono huo akaandika kitabu kizima kuhusu magereza na wafungwa. Kilitoka 1914 na majina mawili ya mwandishi: Constance Lytton na Jane Warton.

Juzi usiku nilichukua daftari nikahamishia kalamu mkono wa kushoto, nijaribu kuiandika ile mada ya ubaoni. Nilifika "Kalamu ina ngu", kidole gumba kikakakamaa, mstari umepanda kama ngazi. Nikaiweka chini.